Magazeti ya Zakaria na Maandazi Yangu

Hapana, sikuyachoma moto. Anayesema niliyachoma hakuwepo, na kama alikuwepo basi alikuwa bado ananyonya. Moto ungekuwa huruma. Kitu ukikichoma kinaisha siku hiyo hiyo, mwenyewe analia, anapenga kamasi, kesho anaanza upya. Mimi nilitaka Zakaria alie kidogo kidogo, kila asubuhi, na chai.

Nimeanzia hapo kwa sababu najua ndiko mnakotaka kwenda. Juzi kule Kiseke, kwenye msiba wake, niliona macho yenu yalivyokuwa yananifuata mimi na sinia langu. Ndiyo, nilikwenda na sinia la maandazi. Msibani haendi mtu mikono mitupu, na marehemu aliyala sana maandazi yangu, mengine aliyala machozi yanamtoka. Masanja aliponiona naingia, mzee wa watu na fimbo yake, akaanza kukohoa kikohozi cha uongo, leso mdomoni, mabega yanacheza. Mtoto wa marehemu akamshika mkono, "Pole babu, jikaze." Ajikaze nini? Alikuwa anacheka yule. Mnasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi simsemi vibaya, nasema kwa mpangilio.

Halafu wakaingia wale vijana wa pikipiki za zamani. Siku hizi wamekuwa wengi hapa mjini, wanafufua machuma ambayo sisi tuliyaona yakifa, wanayapaka rangi, wanavaa makoti ya ngozi jua la mchana mpaka shingo zinachuruzika. Ndio waliosindikiza jeneza kutoka kanisani. Mkubwa wao, kijana mwenye ndevu za kuchongwa, alikuwa amekumbatia fremu ya kioo kama amebeba picha ya Bikira Maria, akaiweka mezani karibu na picha ya marehemu. Nikasogea. Nilijua hata kabla sijavaa miwani. Ukurasa wa gazeti, pikipiki ya tangi jekundu, mzungu na kofia yake ya masikio, na katikati doa kubwa la mviringo, limepenya mpaka upande wa pili. Yule kijana akaniinamia kwa adabu: "Shikamoo bibi. Yaani bibi, hii kitu ni noma. Hii ni orijino kabisa. Umeona hili doa? Hii ni oili ya injini ya enzi hizo, bibi! Ina maana mzee alikuwa anasoma huku anafungua injini. Hatuligusi hili doa, ndio historia yenyewe." Nikamwambia, "Marahaba baba. Msiliguse." Oili ya injini! Lile ni andazi langu. Lilikuwa kubwa, lilivuta mafuta kwa sababu siku ile kuni zilikuwa mbichi na karai halikushika moto vizuri. Nikakaa kwenye mkeka, nikawatazama wanavyolipiga picha doa langu na simu zao, mmoja mmoja, na nikasema moyoni, Zakaria, hata ukiwa umelala hapo, bado hatujamalizana.

Sasa turudi mwaka ule. Nilikuwa msichana wa kuolewa, nafanya kazi kwa Bi Sauda, mjane wa Kiislamu aliyekuwa na nyumba Kirumba, karibu na mwaloni ambapo mitumbwi inashusha samaki. Chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa hoteli. Benchi mbili za mbao, meza yenye nailoni ya maua, ukuta wa kijani uliochubuka sehemu ambazo watu wanaegemeza vichwa. Dirishani unaona ziwa na mawe yake. Harufu ya dagaa inaingia bila hodi, inakutana na iliki ya chai yangu, zinagombana hapo ndani mpaka jioni. Chini ya meza kulikuwa na sanduku la bati, juu yake kitambaa cha kufuma. Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na magazeti ya pikipiki, ya Kiingereza, mengine yana umri kunizidi mimi. Mhandisi mmoja mzungu wa kiwanda cha pamba aliporudi kwao aliyaacha, Zakaria akayarithi, maana alikuwa karani pale na alijua kunyenyekea. Kwake paa lilivuja, akaomba ayaweke kwa Bi Sauda. Bi Sauda akasema, sauti yake ya puani, taratibu kama anapepeta mchele, "Weka, mwanangu. Lakini likiingia panya, mimi na panya hatujuani."

Kila Jumapili baada ya misa walikuja. Zakaria mwenyewe, shati jeupe, kalamu mfukoni hata siku ambayo hana cha kuandika, na pikipiki inayowaka siku ikijisikia. Opiyo, Mjaluo mfanyabiashara wa samaki, ambaye pikipiki yake ilikuwa inatembea kweli. Na Masanja, seremala, Msukuma, ambaye pikipiki yake ilikuwa ndani ya magunia, vipande vipande, na ndiye aliyezungumza zaidi ya wote. Na wengine walikuja na kuondoka, lakini hao watatu ndio chama. Sasa sikilizeni kituko. Kabla hajagusa gazeti, mtu ananawa. Mimi ndiye nawanawisha, birika mkono huu, beseni mkono huu, sabuni ya mche kwenye kisahani, napita mbele yao kama wanataka kula. Wananawa mpaka viwiko, wanajifuta, wanaweka mikono juu ikauke, kama padri anataka kuinua ostia. Ndipo Zakaria anafungua sanduku. Chai na maandazi wanakula baadaye, magazeti yakishafungiwa. Mafuta hayaruhusiwi kuwa chumba kimoja na gazeti.

Zakaria anasoma Kiingereza, halafu anawatafsiria, kidevu juu: "Kwa mujibu wa gazeti, pikipiki hii inapita kwenye kona bila kupunguza mwendo."

"Kona ya wapi?" Opiyo anauliza.

"Ya Uingereza."

"Basi waambie waje kona ya Igoma mvua ikinyesa."

Masanja naye, mkono shavuni: "Halafu hiyo balabala yao sioni ng'ombe. Huko kwao ng'ombe wanapita wapi?"

"Masanja, hapa tunazungumzia injini."

"Mimi nazungumzia bleki. Ng'ombe akikatiza, injini itakusaidia nini?"

Mimi nacheka na birika langu pale mlangoni. Jioni nikiwa jikoni namwigizia Bi Sauda wote watatu, Zakaria na kidevu chake, Opiyo, Masanja na ng'ombe wake, Bi Sauda anajishika mbavu, "Acha, Tekla, utaniua, sijalipa deni la Ramadhani!"

Jumapili moja wenzake waliondoka, Zakaria akabaki anapanga magazeti. Akaniita. "Tekla, nawa mikono uje uone kitu." Nikanawa. Nilinawa kuliko wote, nilisugua mpaka kucha. Akanifungulia ukurasa wa mwanamke wa kizungu amekaa nyuma ya pikipiki, kitambaa kichwani kinapepea, meno yote nje. Akasema, na sauti hii siyo ile ya kwa mujibu wa gazeti, hii ilikuwa ya chini, ya kweli au ya kujua kudanganya, mpaka leo sijui: "Nitakupakia hivi hivi. Mchana kweupe. Mpaka Magu kwa mama." Nyie wa leo mnapakiwa na bodaboda kwenda kununua vocha, hamwezi kuelewa. Enzi hizo mwanaume akimpakia msichana kwenye pikipiki mchana, amshushe kwenye uwanja wa mama yake, hakuna barua ya posa inayopita hapo. Wanawake wa njia nzima wanatoka na miko mkononi kutazama. Ukirudi Mwanza umeshaolewa midomoni mwa watu, bado harusi tu.

Basi nikanunua kitambaa cha njano. Nikakikunja, nikakiweka chini ya mto. Kila Jumamosi nikawa naosha pikipiki yake pale mawe ya ziwani, nachota maji kwa sufuria, nasugua taya za magurudumu na mchanga mpaka zinang'aa. Nikimaliza napanda mwenyewe pale nyuma, imesimama hivyo hivyo, naangalia ziwa. Wavuvi wananipigia kelele, "Shangazi, unaelekea wapi?" Najibu, "Magu!" Wanacheka. Nilikuwa nawajibu kweli.

Ndipo gazeti moja jipya likaja, maana yule mzungu alikuwa bado anamtumia Zakaria kwa posta, limeandika kwamba wenye pikipiki za zamani popote duniani wapeleke picha zao, nzuri zitachapwa. Zakaria hakulala. Akaleta mpiga picha, pikipiki zikapangwa juu ya jiwe, hata Masanja alivaa koti akasimama karibu na tangi lake, tangi peke yake, kalishika kama mtoto wa ubatizo. Zakaria akaniita nikiwa na sinia la maandazi. "Tekla, simama hapa. Weka mkono juu ya kiti, hapo nyuma. Ndipo mahali pako." Maneno yake hayo. Nikakimbia kuchukua kitambaa cha njano, nikafunga, nikaweka mkono. Huu wa kulia, wenye bangili ya shaba, hii hii mnayoiona. Baada ya siku chache akaja kuazima mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Nikampa. Nikamwambia angalia, una makali sana.

Tulisubiri mpaka mvua zikaisha, zikaanza nyingine. Gazeti lilipofika, Kirumba yote ilijua. Bi Sauda akapika pilau, mimi nikakaanga sato wakubwa, watu wakajaa mpaka nje. Nikawanawisha wote. Zakaria akafungua, akainua juu, watu wakapiga makofi. Kweli, walikuwepo. Zakaria na kalamu yake. Opiyo. Masanja na tangi. Mawe, ziwa, kila kitu. Nikajipenyeza na birika langu nijione. Nikatafuta. Pembeni kabisa ya picha, juu ya kiti cha nyuma, kulikuwa na mkono wenye bangili. Mkono tu. Umekaa pale kwenye kiti kama kitu mtu alichosahau.

Nikauliza, "Mimi niko wapi?"

Hakunyanyua hata macho. "Nilipunguza kidogo na mkasi. Watu wa kule wanatazama pikipiki, Tekla, hawatazami mpishi. Halafu sogea, una mafuta."

Wakacheka. Sikusahau nani alicheka na kwa muda gani. Opiyo alicheka kifupi. Masanja alicheka mpaka akaketi chini, na ndiyo maana juzi nilimpa andazi lililoungua. Bi Sauda hakucheka. Alikuja akanipokonya birika, akawanawisha mwenyewe waliobaki, maji ya moto.

Kesho yake Zakaria alikwenda Magu kumwonyesha mama yake. Alilifunga gazeti na shuka safi, akalikalisha kiti cha nyuma, akalikaza na kamba za mpira lisianguke. Nilisimama dirishani nikatazama. Kiti nilichokiosha mwaka mzima kinakwenda Magu, kimekaliwa na karatasi.

Alikaa huko siku kadhaa, akarudi, akalirudisha gazeti sandukuni na wenzake, akafunga, akaenda zake kazini. Asubuhi yake nakanda unga, Bi Sauda akaingia. "Tekla, magazeti ya kufungia yamekwisha. Watu watabebea andazi kwenye kofia?" Maana ndivyo tulivyouza, andazi la moto linaviringishwa kwenye karatasi, mtu anaondoka nalo mwaloni. Nikatazama chini ya meza. Bi Sauda naye akatazama chini ya meza. Halafu akasema, akielekea chumbani kwake, "Mimi nilimwambia. Likiingia panya, mimi na panya hatujuani."

Msidhani nilichana ovyo. Nilikata taratibu, ukurasa mmoja mmoja, na mkasi ule ule. Mimi sijui kusoma, lakini nilijua kila mmoja wao alikuwa anashusha pumzi akifika picha ipi. Andazi la kwanza kabisa nilimpa Opiyo, ndani ya ile pikipiki yenye kigari cha pembeni aliyokuwa akiiota. Akauma, akafungua karatasi kidogo, akaacha kutafuna.

"Tekla! Hii si ni ile…"

"Kula, Opiyo, linapoa."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafuta mafuta na tumbo la shati, akakunja ukurasa, akautia kifuani. Hakwenda kumwambia Zakaria. Kesho yake alikuja alfajiri kabla ya wavuvi: "Dada Tekla, sikamoo," mimi mdogo kwake ananiamkia, "ile ya matairi mapana bado ipo?" Masanja naye akaja, eti amepita tu: "Nipe mawili. Hapana, nipe matatu. Nina wageni." Wageni gani, anaishi na nyundo zake. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alinyamaza apate kipande chake. Wanaume waliokuwa wananawa mpaka viwiko, sasa wananyang'anyana karatasi zinazodondosha mafuta.

Zakaria alikutana na mambo mwaloni. Mbeba mizigo amekaa juu ya jiwe, anakula andazi, tangi jekundu limemkodolea macho kutoka mkononi mwake. Akaja mbio, viatu vinapiga matope. Akavuta sanduku, akafungua. Shuka tu. "Yako wapi?" Nikamwambia yako salama. Yalikuwa chini ya kitanda cha Bi Sauda, ndani ya gunia la unga, na chumba cha ndani cha mjane wa Kiislamu, karani gani ataingia? Bi Sauda alisimama mlangoni na kanga yake, "Karibu, Zakaria. Ingia tu, majirani waone." Akatishia polisi. Akaenda kweli. Askari alimsikiliza, akamwuliza, "Kwa hiyo unashtaki maandazi?" Lake lilikuwa mkononi, nusu.

Hapo ndipo alipoanza kununua. Kila asubuhi wa kwanza kwenye foleni, na mimi nikaweka sheria mpya: andazi la Zakaria linaliwa hapa hapa, nione, ndipo aondoke na karatasi. Na hachagui. Anapokea, anafungua, anakuta nusu ya wakati ni gazeti la kawaida la habari za mbolea. Anakula, anameza, anaomba jingine. Mashavu yakamjaa. Vifungo vya lile shati jeupe vikaanza kuomba msaada. Kutoka hapo anakwenda kwa Masanja kumbembeleza, naye Masanja anamwambia, mkono shavuni, "Ndugu yangu, mimi nimenunua andazi. Kalatasi imekuja nalo." Jumapili ikafika, hakuna aliyekuja kunawa. Ikafika nyingine. Chama kilikufa hivyo, kila mtu kwake, na kipande chake chenye doa.

Mimi biashara ikakua. Watu walitoka mpaka Igogo kuja kuona mpishi anayefungia maandazi kwenye pikipiki. Nikapata meza yangu mwenyewe pale mwaloni. Nimelisha watoto na wajukuu kwa meza ile, na kila asubuhi nikipuliza moto nilimkumbuka yeye, nikapuliza zaidi.

Ukurasa wetu, wenye picha, ule sikuufungia chochote. Niliuhifadhi mpaka mwisho, naye alijua. Siku moja, meza imezungukwa na watu, nasikia mlio wa pikipiki ninayoijua. Zakaria. Na kiti cha nyuma, kwa mara ya kwanza, kuna mwanamke: mama yake, kutoka Magu, mfupi, mnene, ameshika mgongo wa mwanae kama anazuia ng'ombe. Akashuka, akajipangusa vumbi, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya shamba: "Huyu kaniambia kuna mwizi hapa. Nikasema nije nione sula yake."

"Shikamoo mama," nikapiga goti.

"Malahaba. Nipe andazi kwanza."

Alikula amesimama, anatikisa kichwa, anakubali. Nikatoa ukurasa kwenye mfuko wa aproni, nikautandaza mezani. Zakaria akanyoosha mkono, mama yake akampiga kofi la vidole. Akainama, akaangalia. Akaweka kidole pale kwenye kiti. "Huu mkono nilikuuliza kule nyumbani ni wa nani. Ukaniambia wa mpita njia."

Niliweka mkono wangu juu ya meza, kando ya ule wa kwenye picha, na bangili yake. Mama akatazama huu, akatazama ule.

"Alinikata, mama," nikasema. "Na mkasi wangu mwenyewe."

Zakaria akaona wateja wote wameinamia ule ukurasa. Akashusha sauti, ile ya chini, ile ya Jumapili ile. "Tekla. Kama ni Magu, twende. Hata leo. Mama mwenyewe ndiye huyu. Panda."

Nami nisiwadanganye, moyo uliruka. Kitambaa cha njano kilikuwa mfukoni humo humo, nilikuwa nafutia jasho siku hizo. Kiti kilikuwa wazi. Wavuvi walikuwa wanatazama, na miko ya wanawake imesimama hewani. Nilikuwa nimeshauinua mguu mmoja, sijui kwenda mbele au kurudi nyuma.

Mama yake akafuta mafuta mdomoni, akamgeukia.

"Si ulimkata mwenyewe? Washa pikipiki twende, nimeacha mpunga juani."